Usiguse Arobaini na Saba

6 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama bado hujaiandika. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi, na la kulia limeanza kuona wivu. Binamu yako anakusalimu. Wamembadilishia zamu huko hospitali, siku hizi anarudi mchana na kunisemesha mdomo nusu, kama watu wote wa mji huu. Sijapata kuona watu wavivu wa kufungua mdomo namna hii.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Kinanda kitakuwa kimeshafika. Nimekupa wewe kwa sababu nyumba ya binamu yako ni ndogo, hakuna pa kukiweka. Hiyo ndiyo sababu, usitafute nyingine.

Kimefanya kazi na mimi kwenye bendi miaka kumi na tisa, kimemwagiwa soda na kimeanguka kwenye lori mara mbili. Si kinanda cha kubonyeza ukapata tarumbeta iliyotengenezwa kiwandani. Hii ni sinthesaiza: sauti unaitengeneza mwenyewe kwa vile vifundo vya kuzungusha, ukiipenda unaihifadhi kwa namba. Namba ziko sitini na nne na zote ni zako. Chezea, vuruga, futa. Isipokuwa arobaini na saba.

Arobaini na saba usiiguse. Usiibonyeze kwa udadisi na usiniulize kuna nini humo. Kila nikikuuliza iko wapi, jibu ninalotaka kusikia ni moja tu, kwamba iko palepale.

Msalimie mumeo Bwana Barafu na mafriji yake.

Mjomba wako


2 Februari

Mjomba, shikamoo,

Na hii ihesabu ni ya pili, maana ya kwanza umeshaiitikia kabla hujaipata. Pole na magoti. Sisi wazima. Nina sketi arobaini za sare za shule za kumaliza kabla mwezi haujaisha, na mume wangu ameingiza friji tatu za watu za kutengeneza humu chumba cha cherehani, kisha anakaa katikati yao miguu juu ya meza yangu ya kukatia. Mama angekuwepo, Mungu amrehemu, angeikata miguu ile kwa saizi.

Kinanda kimefika. Kabla ya yote nilikisafisha, maana, samahani, kilikuwa kichafu. Nilitoa vumbi kwa brashi ya cherehani, nikafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuma kulikuwa na plasta ya kidonda imegandia juu ya kiswichi, nikaibandua. Sijui kidonda cha nani. Hedifoni zako nimezitundika kwenye msumari ukutani na zinapendeza.

Shida ni moja. Hakitoi sauti. Taa zinawaka, kioo kinaandika namba, lakini nikibonyeza vibao ni kimya kabisa. Nimebonyeza kila kinachobonyezeka na kuzungusha kila kinachozunguka, na hicho kiswichi cha plasta nacho nimekipandisha na kukishusha. Wapi.

Kwa nini tusiongee kwa simu ukanielekeza? Nimepiga mara tatu. Binamu anapokea, anasema hutaki, halafu anavuta pumzi ndefu.

Mpwa wako


24 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba mbili, tumemaliza deni. Goti la kulia sasa limeshinda la kushoto. Hongera kwa sketi.

Simu sitaki. Simu ni ya watu wanaofungua mdomo kabla hawajajua wanachotaka kusema. Barua inakulazimisha ufikiri, na wewe hilo tangu utotoni ulihitaji kulazimishwa.

Plasta uliyobandua, mpwa wangu, ilikuwa kufuli. Swichi ile ikiwa juu, kumbukumbu ya kinanda imefungwa na hakuna anayeweza kufuta kitu. Ikiwa chini, mlango uko wazi, na atakayebonyeza kile kitufe chekundu mara mbili atakuwa amehifadhi chochote kilichopo juu ya namba aliyosimama. Umeniandikia kwamba uliishusha. Niandikie sasa kwamba kitufe chekundu hukukigusa.

Kuhusu kimya: hedifoni zimetundikwa ukutani na zinapendeza, nashukuru. Ncha ya pili ya waya wake iko wapi? Kinanda hiki nilikirekebisha mwenyewe. Hedifoni zikichomekwa, spika inanyamaza, ili nifanye mazoezi bila kusutwa na majirani.

Ukishachomoa, jaribu sauti rahisi. Vifundo havina namba, kwa hiyo tutasoma kama saa ya ukutani. Kifundo kikubwa ni cha chujio, na chujio hili ni kama la chai: ukilibana yanapita maji matupu, ukiliachia na majani yanapita. Liweke saa tisa. Vingine vyote viweke saa sita. Bonyeza kibao cha katikati, kisha uniandikie.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba, shikamoo,

Magoti yako nayaombea suluhu. Sketi zimekwisha, sasa ni mashati.

Ncha ya waya ilikuwa kwenye kinanda. Mwezi mzima nimekuwa nikiupigia muziki msumari. Mume wangu alicheka mpaka akakaa juu ya friji ya mtu.

Baada ya hapo chujio nililiweka saa tisa kama ulivyosema, pale kwenye saa palipoandikwa tisa, mkono wa kushoto. Ikatoka sauti ya mtu anayelalamika ndani ya blanketi. Siku nne nimesikiliza yule mtu, nikidhani ndiyo ladha ya wazee. Ndipo mume wangu, miguu juu ya meza, akauliza kama Mjomba anasoma namba au anasoma mshale. Tukageuza kulia, kwenye tatu, ambako mshale ukifika sisi tunasema saa tisa. Mjomba, ilipotoka sauti ile nilikaa chini. Ilijaa chumba chote. Sikujua kitu cha waya na soda kinaweza kutoa kitu kizuri hivyo, na nilifurahi kama mtoto.

Lakini kinanguruma. Hata nisipobonyeza kitu, spika inatoa mngurumo wa chini usioisha.

Kuhusu plasta, nimebandika nyingine mpya, safi kabisa, na swichi iko juu.

Nina swali la kawaida tu, si langu, la jirani. Mtu akihifadhi sauti mpya juu ya ya zamani, ile ya zamani huwa inakwenda wapi?

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Binamu yako amenikasirikia. Juzi alisahau funguo, akakaa nje saa nzima, na ananilaumu mimi, eti alibisha. Alibisha kwa vidole vya pamba.

Mngurumo wako ni friji. Kinanda na mafriji ya mkwe vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, sivyo? Najua ndivyo. Mwambie kinanda kipewe soketi yake ukutani. Usipime mngurumo kwa kukisia. Laza kiganja juu ya spika, utausikia unatambaa mpaka kwenye kiwiko. Kiganja hakidanganyi hata mara moja, tofauti na watu.

Kuhusu kusoma saa, sina la kusema. Mtu akisema saa tisa ni saa tisa. Mwambie mkwe ana akili, ila ashushe miguu.

Sasa jirani. Ile sauti ya zamani haiendi popote. Inakufa. Haina kivuli wala nakala. Jirani yako ana kinanda gani?

Na kitufe chekundu hukunijibu.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba, shikamoo,

Binamu naye msamehe, kukaa nje saa nzima kunachosha. Mimi nimepata kazi ya mapazia ya ofisi, madirisha kumi na nane, na kila dirisha lina vipimo vyake kama vile kila karani alijijengea la kwake.

Ilikuwa ekstensheni. Kinanda kimehamia soketi ya ukutani na mngurumo umekufa. Nimejifunza kutengeneza sauti ya filimbi, na nyingine ya gari lililogoma kuwaka, ambayo sikuikusudia ila mume wangu anaipenda.

Jirani amehama.

Kuna jambo jipya. Kila nikikiwasha kioo kinaandika BETRI, kinapepesa mara tatu, halafu kinaendelea kama kawaida. Betri gani, na kinakula umeme wa ukutani? Mume wangu anasema yuko tayari kukifungua aangalie. Ameshatoa bisibisi.

Mpwa wako


23 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nitakupa barua ijayo.

Mkwe arudishe bisibisi. Ndani kuna kibetri cha duara, kadiri ya kifungo cha koti. Kazi yake ni kushikilia kumbukumbu umeme unapozimwa. Kikifa, namba zote sitini na nne zimekwisha. Kukibadilisha nako ni hivyohivyo, maana lazima cha zamani kitoke ndipo kipya kiingie.

Zile nyingine zife tu. Arobaini na saba lazima ibaki mahali. Irekodi kwenye kaseti. Chukua waya, ncha moja kwenye kinanda, nyingine kwenye redio kaseti yako, na usukume mpaka ndani, iseme ta. Bonyeza kibao cha katikati peke yake, hesabu ishirini, achia. Fanya hivyo mara kumi, kisha unitumie.

Nimekuomba vitu vingapi tangu uzaliwe? Sikumbuki hata kimoja. Hiki nakuomba.

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba, shikamoo,

Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, mapazia yalinibana.

Kaseti hii hapa. Ni arobaini na saba kama ilivyo sasa. Nilipiga nikiwa na hedifoni, ili cherehani ya fundi mwenzangu anayenisaidia mapazia isinivuruge. Nimerekodi mbili kwa mkao mmoja, moja yako na moja yangu ya akiba.

Natumaini itakufaa. Nakupenda sana, Mjomba, ulijue hilo.

Mpwa wako


12 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Leo hata magoti yamenyamaza.

Kaseti imefika. Niliiweka kwenye redio ya binamu yako, yeye yuko kazini, nikafunga mlango na kusikiliza upande mzima. Ndiyo yenyewe. Haijabadilika hata chembe. Mwanzoni kidole chako kilikuwa na woga, lakini katikati ulitulia, na ule mvumo wa chini umeushikilia vizuri kuliko nilivyotegemea. Ulikuwa mrefu, haukukatika. Sikujua una subira hiyo. Umefanana na watu wa kwetu.

Nilikuwa na hofu juu ya jambo hili na sasa sina. Mkwe anaweza kufungua kinanda.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, na umeniambia unanipenda. Kuna mgonjwa huko?

Mjomba wako


3 Agosti

Mjomba, shikamoo,

Hakuna mgonjwa. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma, na kama umekaa, shika kitu.

Jana nilisikiliza kaseti yangu ya akiba kwa mara ya kwanza. Waya haukusema ta. Uliingia nusu, na redio hii waya ukiwa nusu inajisikilizia chumba kwa maikrofoni yake yenyewe. Mimi nilikuwa na hedifoni. Kwa hiyo mimi nilisikia kinanda, na kaseti ikasikia nyumba. Yangu ina cherehani ya fundi mwenzangu, ina mume wangu anapiga chafya, ina friji ya mwalimu mkuu inayovuma bila kukatika, na kwa mbali vibao vinagonga ko, ko, ko. Hakuna muziki hata tone.

Na yako niliirekodi robo saa kabla, kwa waya uleule. Nakumbuka neno kwa neno nilichomwambia mume wangu wakati ule, tena kwa makelele, maana nilikuwa nimeziba masikio. Nilisema: "Nimeifuta arobaini na saba. Niliifuta Januari, hata sijui ilikuwaje. Hiki ninachompigia nimekitunga, na huyu mzee atanizika."

Ndiyo, Mjomba. Ni mimi. Nilibandua plasta, nikashusha swichi, na nikitafuta sauti nilibonyeza kila kitu, pamoja na kitufe chekundu. Sijui ni mara mbili au ishirini. Sauti ilipopatikana nikaenda arobaini na saba kuhakikisha, nikakuta mlio wa mbuzi aliyebanwa na mlango. Nimeubeba huo mzigo tangu Machi. Jirani sikuwa naye. Niliogopa kukuambia na bado naogopa, na sitakulaumu ukitaka kinanda chako kirudi.

Lakini sasa na mimi nina swali. Ulifunga mlango, ukasikiliza upande mzima, ukaniandikia ndiyo yenyewe. Kwanza nilidhani umenisamehe kimyakimya kwa adabu. Halafu nikakumbuka ni nani ninayemzungumzia.

Simu hutaki. Binamu alibisha saa nzima. Mji mzima unaongea mdomo nusu. Na kinanda ulichokaa nacho miaka yote hiyo ukakitoa kwa sababu ya nafasi.

Mjomba, tangu lini?

Mpwa wako


9 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira, ya tatu nilikasirika kwamba hasira inapungua, na zilizobaki nilikuwa na aibu tu.

Tangu mwaka juzi. Lilianza sikio la kushoto, la kulia likaona wivu, kama magoti. Sasa nasikia ngurumo na mlango ukibamizwa, basi. Binamu yako anajua, na nilimwapisha asiwaambie. Fundi wa redio miaka arobaini, mpiga kinanda wa bendi, nimekuwa mtu wa kuchungulia midomo ya watoto wangu. Kinanda kile kilikuwa kinanitazama kila asubuhi, nami nikikibonyeza nasikia ko, ko, ko, kama kaseti yako. Ndiyo maana nilikupa.

Ile kaseti niliisikiliza kwa kiganja. Nililaza mkono juu ya spika, nikausikia mvumo ule unatambaa mpaka kwenye kiwiko, nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Nililia, mpwa wangu. Nimeililia friji ya mwalimu mkuu. Mwambie mkwe asimweleze mwenyewe.

Sasa arobaini na saba. Mama yako, dada yangu, alikuwa akifanya kazi anaimba mdomo umefumbwa, mmm tu, bila maneno. Unakumbuka. Mwaka ule bendi ilipovunjika nilikuja kukaa kwake miezi mitatu, sina kazi, nikajitia kumtengenezea sauti yake kwenye kinanda. Nazungusha, nabonyeza, naye kutoka kwenye cherehani ananiambia siyo hivyo, mimi sina mafua. Siyo hivyo, hapo nimezeeka. Mpaka siku moja akanyamaza, akasikiliza, akasema: "Haya, huyo ni mimi. Sasa shusha miguu mezani." Hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa. Hatukuwahi kumrekodi, nani anarekodi dada yake anaposhona?

Unajua pia ule wimbo ulikuwa na kazi gani. Ukiendelea, nyumba ni salama. Ukikatika ghafla, ameona kitu. Mimi tangu nikiwa na miaka sita ulipokatika nilishusha miguu kwanza, ndipo nikauliza kosa.

Sikukuambia kwa sababu ungelia, na ukilia unagusagusa vitu.

Sitaki kinanda kirudi. Kilichofutika masikio yangu yasingeweza kukitengeneza upya, lakini mikono bado ina akili. Vyanzo vya sauti viko viwili: cha kwanza saa sita, cha pili unywele mmoja kabla ya saa sita, ili visikubaliane sana. Kelele kama ya pumzi, saa mbili. Mwanzo wa sauti uje polepole, saa nne. Mwisho uwe mfupi, saa moja, maana alikuwa anakata ghafla. Saa zote ni za mshale, si za namba, na ukikosea tena sitakujibu.

Kimebaki chujio. Hilo sikuwahi kulisoma. Nilikuwa nalizungusha namtazama yeye mpaka akubali. Yeye hayupo, mimi sisikii. Umebaki wewe uliyekulia chini ya cherehani yake.

Mjomba wako, kiziwi


18 Novemba

Mjomba, shikamoo,

Nililia kwanza, nikiwa nimefunga mikono nyuma kama ulivyoogopa. Binamu nimempigia, tumesutana kidogo kisha tukacheka. Mume wangu anasema friji ya mwalimu mkuu imeshapona na imerudi kwa mwenyewe, na hakusema neno.

Saa zako nilizifuata, mshale si namba. Vyote vikakaa. Likabaki chujio. Siku kumi na mbili, Mjomba. Nikimaliza mashati nakaa, nabonyeza kibao cha katikati, nazungusha kadiri ya unywele, nasikiliza. Huku amepaliwa. Huku ana hasira. Huku ni mtu mwingine kabisa, mama wa watu. Nikaanza kuogopa kwamba nimemsahau na najidanganya, maana masikio yakitaka kitu yanakubali chochote, kama kiganja chako.

Jumamosi asubuhi nikaona nitie alama, nisipoteze nilikokwisha kupita. Nikachukua karatasi nikate vipande vidogo vya kubandika pembeni ya kifundo. Kibao cha katikati nilikiwekea pini ya nguo kikae chini chenyewe, sauti iendelee, na huku nakata huku nasogeza chujio kwa kiwiko. Sikuwa hata nasikiliza. Pini ikateleza. Sauti ikakatika.

Mjomba, nilijikuta nimesimama wima, nimeficha mkasi mgongoni.

Unaujua mkasi ule. Ni wa Mama, wa kitambaa tu. Utoto wangu wote nimechapwa kwa kuukatia karatasi. Nina miaka arobaini na moja, mkasi ni wangu, karatasi ni yangu, nyumba ni yangu, na nilisimama pale nikitafuta uongo wa kusema. Mume wangu akauliza nimeona nini. Nikamwambia asiguse kitu chochote, asipumue hata.

Chujio liko saa nane na dakika kumi. Nimehifadhi kwa namba yake ileile, arobaini na saba, swichi nikapandisha, plasta nikabandika. Kisha vifundo vyote nimeviandika kwenye karatasi nne, moja nimeibandika chini ya kinanda, mbili nimeziweka akiba, na ya nne iko humu kwenye bahasha. Baada ya hapo mume wangu akafungua, akatia betri mpya, yote yakafutika kama ulivyosema, nasi tukasoma karatasi tukamrudisha Mama kwa dakika tano. Sasa betri ife inavyotaka.

Kaseti ni hiyo. Waya umesema ta, na nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho bila hedifoni. Mara kumi, hesabu ya ishirini.

Mpwa wako


14 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mumeo naye marahaba yake, hata kama hakusalimu.

Kaseti imefika Jumanne. Safari hii tumekuwa wajanja, nilimpa binamu yako aisikilize kwanza. Alisimama katikati ya sebule na koti la kazini mkononi. Hakusema mdomo nusu wala mdomo mzima. Alinionyesha kwa kichwa tu, ndiyo, kisha akatoka akanifungia mlango.

Nikakaa kwenye kiti changu, nikaegemea, nikapumzisha magoti. Redio nikaipakata ubavuni, kiganja cha kulia juu ya spika. Ikaja polepole, saa nne kama tulivyoiweka. Si kama ile friji. Friji inasukuma tu, hii ilikuwa inapumua. Nikahesabu. Nilifika kumi na tisa, nikawa nimesahau nahesabu nini, nimemwona dada ameinamia kitambaa, pini mbili mdomoni. Ndipo ikakatika.

Nina miaka sabini na mbili, mpwa wangu, na sisikii hata radi ikiwa mbali. Nilishusha miguu mezani.

Mjomba wako